Kikaza Mkanda cha Gari la Tressie

Asubuhi ile Verlin Stamper alizima gari, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, na gari likaendelea kulia.

Si kwa muda mrefu. Labda kiasi cha mtu kumeza mate. Mlio uleule mwembamba wa mkanda unaoteleza, iiiii, ukitoka chini ya boneti, ilhali injini imekwisha kunyamaza na hakuna kitu humo ndani kinachozunguka. Verlin alisimama mguu mmoja nje, mmoja ndani. Kisha akafanya wanachofanya wanaume wote wa bonde letu wakikutana na jambo wasiloliweza: akatema mate, akaingia ndani kunywa kahawa, na hakumwambia mkewe.

Mkewe, Oma, alikuwa dirishani jikoni na alisikia kila kitu. Naye hakusema. Ndoa ya miaka arobaini na minne, kila mmoja ana vyake vya kunyamazia.

Sasa, lazima ujue hali ya Oma. Figo zake zilikwisha kufa. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alitakiwa awe mjini saa mbili asubuhi, achomwe sindano mbili mkononi, damu yake ipitishwe kwenye mashine isafishwe kwa saa nne. Mjini ni maili arobaini, na hizo arobaini zote ni kona, mlima kulia, mto kushoto. Basi la wagonjwa haliji kwetu tangu daraja lipasuke. Akikosa siku moja anavimba uso. Akikosa mbili, sisi majirani tunaanza kupanga nani ataleta kuku wa msiba na nani ataleta keki. Kwa hiyo lile gari, vani kuukuu la rangi ya chai ya maziwa, lenye milango ya kuteleza na kiti cha nyuma kilichonuka mbwa, ndilo lililokuwa figo za Oma.

Na lilikuwa linaumwa tangu Oktoba.

Magari ya aina ile yana mkanda mmoja mrefu mbele ya injini, umejipinda huku na huku kama nyoka, na huo mmoja ndio unaozungusha kila kitu: cha kuchaji betri, cha kusukuma maji ya kupoza injini, cha kulainisha usukani. Ili ubaki umekazwa, kuna mkono mdogo wenye springi na gurudumu, umeulalia mchana na usiku. Kikaza mkanda. Springi ikichoka, mkanda unalegea, unateleza, na kila asubuhi ya baridi unapiga kelele majirani wanaamka.

Verlin alianza kwa kuupaka sabuni. Wazee wanaoshinda kwenye duka la mafuta walimcheka mpaka wakakohoa.

“Verlin, umepata mtoto uzeeni? Nasikia unamwogesha kila siku!”

“Mpake na poda, asije akapata upele!”

Akanunua mkanda mpya, akaufunga. Siku ya tatu ukalia. Mtu yeyote mwenye akili angemwambia tatizo si mkanda, ni kikaza. Na alijua. Lakini Verlin alitengeneza mashine za mgodini miaka thelathini na moja, na kiburi chake kilikuwa kikubwa kuliko mapafu yake, ambayo vumbi la makaa lilikwisha kuyala nusu. Kwenda kwa fundi? Afadhali afe.

“Fundi gani?” alimwambia Oma. “Wale watoto wanaouliza kompyuta gari linaumwa wapi?”

Basi akachukua spana zake akapanda kwa Wilda Fugate.

Wilda ana yadi ya magari mabovu juu kule mlima ulikokatwa kichwa na kampuni ya makaa. Amezika waume watatu, na mmoja tu ndiye aliyekufa kwa maradhi, hayo mengine si yangu kusema. Utaratibu wa kwake ni wa kwetu sote: unaingia na spana zako, unafungua mwenyewe kifaa unachotaka, unamwonyesha mlangoni. Verlin alizunguka yadi nzima. Vani la aina ya lake lilikuwa moja tu, kule mwisho, limekaa peke yake, na majani hayakuota kulizunguka.

“Lile siliuzi,” Wilda alisema kabla hajaulizwa.

“Sasa limekaa hapa kufanya nini?”

“Nimejaribu kulikandamiza mara mbili. Mashine imekatika mara mbili. Ni la Tressie Noble lile.”

Nani asiyeijua habari ya Tressie? Miaka sita nyuma, mkanda ulimtoka kwenye kona ya pili baada ya kanisa, akaingia mtoni, wakampata siku ya nne.

“Usukani ulikutwa umekunjwa mpaka mwisho,” Wilda alisema, sauti ameishusha, na Wilda hajawahi kushusha sauti mbele ya mtu. “Upande wa mto, Verlin. Mtu anayepigania roho yake hakunji usukani kuelekea majini. Nenda zako.”

Verlin akaenda zake. Akakaa nyuma ya rundo la matairi mpaka Wilda alipoingia ndani kula cha mchana, akarudi, akafungua boliti moja, akatia kikaza kwenye ndoo ya chakula chake na kutoka nacho.

Kilikuwa kinang'aa. Miaka sita, kwanza maji ya mto halafu mvua na theluji, na hakikuwa na hata punje ya kutu. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwingine. Yeye alifurahi. Akakifunga jioni ileile, na kesho yake ndiyo ile asubuhi gari lilipolia baada ya kuzimwa.

Halafu ikaja harufu. Oma ndiye aliyeisema kwanza, wakiwa njiani kwenda mjini: tope la mto, na juu ya tope, nywele zilizolowa. Wakafungua vioo, baridi ya Desemba ikaingia, harufu haikutoka. Mkanda ulikuwa unalia tena, lakini si kama zamani, sasa ulikuwa unalia na kunyamaza, unalia na kunyamaza, na Oma alikaa akiusikiliza, mkono wake ukiwa kwenye mshipi wa kiti.

“Verlin,” alinong'ona.

“Nini?”

“Unalia kabla ya kona.”

“Mkanda unalia, mama. Ni baridi.”

“Kabla ya kona. Sikiliza. Mkanda unajuaje kwamba kona inakuja?”

Verlin akasikiliza. Ukalia. Mbele yao barabara ilikuwa imenyooka, na baada ya hatua hamsini, ikapinda kushoto. Ukanyamaza. Ukalia tena, na kona ikaja tena, na kila ilipokuja usukani ulivutwa kuelekea mtoni, kidogo tu, kama vile mtu mwingine ameweka kidole pale pembeni. Walipofika mjini Verlin alifungua boneti kabla hata ya kumfungulia Oma mlango.

Wiki ile alibadilisha mikanda mitatu. Kila mmoja aliukuta umeliwa pembeni, umechanika nyuzinyuzi, na wa tatu alipouvua alikuta kwenye gurudumu la kikaza kumezungushwa nywele ndefu, za kahawia, mbichi. Alizitia kwenye jiko la kuni. Zilichukua mchana mzima kuungua.

Oma alimkuta hapo mbele ya jiko.

“Kile chuma umekitoa wapi?”

“Kwa Wilda.”

“Kwenye gari gani?”

Akachochea jiko.

“Verlin Stamper, kwenye gari gani?”

“La Tressie.”

Oma alikaa chini polepole. “Unanipandisha na kitu cha mfu. Mimi, ninayekwenda kule kutafuta siku mbili zaidi za kuishi, mwanamume mzima unanipandisha na kitu cha mfu kwa sababu unaona haya kwenda kwa fundi.”

“Punguza sauti.”

“Kwa nini nipunguze? Kiko nje uani.”

“Kinasikia,” Verlin alisema, na hapo Oma akaelewa kuwa mumewe anaogopa kuliko yeye.

Verlin alijaribu kukitoa. Boliti aliyoifungua kwa Wilda kwa mkono mmoja sasa haikusogea hata kwa bomba refu alilochomeka kwenye spana. Mara ya nne ule mkono wa springi ulijirudisha wenyewe, ukambana vidole viwili dhidi ya chuma cha injini na kuvishikilia. Alipiga kelele. Oma alitoka na nguo zake za ndani ya nyumba, akashika bomba, wakavuta wote wawili, na kikaza hakikuachia mpaka kilipotaka. Vidole vilivunjika. Hata hivyo Alhamisi ikafika, na alimpeleka Oma mjini hivyohivyo, vidole vimefungwa, kwa mwendo wa jeneza.

Ndipo akaitwa Mchungaji Hobert.

Sisi wa Kanisa la Utakatifu, kila kinachoumwa tunakipaka mafuta ya zeituni na kukiombea. Binadamu, ng'ombe, kisima. Mwaka mmoja Mchungaji aliipaka mafuta televisheni ya mjane mmoja, nayo ikapona, ingawa wengine wanasema waya ulikuwa umechomoka tu. Basi Jumapili baada ya ibada tulikwenda watu saba, jua linawaka juu ya theluji, tukalizunguka lile vani uani kwa Stamper. Boneti likafunguliwa. Mchungaji akatoa kichupa chake.

“Tressie Noble!” alianza kwa sauti ya mimbari. “Dada yetu! Nenda kwa amani! Kazi yako hapa imekwisha!”

Akapaka boneti. Akapaka usukani. Kisha roho ilipompanda, akainama, akamimina kichupa chote juu ya kikaza, na mafuta yakatiririka juu ya mkanda.

Kila dereva wa bonde hili anajua mkanda na mafuta havikai nyumba moja. Mpira ukilowa mafuta unateleza, unavimba, unaoza. Verlin alijua kuliko wote. Niliona mdomo wake ukifunguka. Lakini nani atamkatiza mchungaji katikati ya maombi, mbele ya kanisa, amwambie mafuta ya Bwana yanaharibu gari? Mdomo ukafungika. Akasema amina.

“Liwashe, Ndugu Verlin.”

Akaliwasha. Kimya. Mkanda ulizunguka bila sauti yoyote, laini, tukapiga makofi, tukaimba, Dada mmoja akaanguka kwenye theluji kwa furaha. Tukala maharage na mkate wa mahindi, Oma akatuangalia tu maana daktari alimkataza maharage.

Tulipokwisha kuondoka alimwambia mumewe, “Mchungaji amemwita Tressie.”

“Ndiyo.”

“Nilisoma na Tressie. Alikuwa mtu wa kulialia, ukimgusa analia. Hiki hakilii, Verlin. Nimekisikiliza. Kilikuwa kinajizuia kucheka.”

“Kimeondoka, Oma. Si umesikia kimya?”

“Kile ndicho kilichomla Tressie. Na sisi tumesimama uani tunakiita kwa jina la mtu kiliyemla, tunakipaka mafuta.”

Verlin angeweza kuuvua mkanda ule siku ileile, akafuta mafuta, akafunga mwingine. Alikuwa nao, uko kwenye boksi. Lakini alitaka sana kuamini. Na mkono ulimuuma, na mle ndani alikuwa anaogopa kuuingiza tena.

Jumanne wakaondoka kwenda mjini. Gari liko kimya. Walipita kanisa, wakapita kona ya kwanza, kulikuwa kumeanza kupambazuka na mto unaonekana huko chini, mweusi katikati ya theluji, na Verlin alikuwa amekwisha kufungua mdomo amwambie mkewe unaona, nilikuambia, pale kitu kilipopiga *pa* chini ya boneti na mkanda uliolowa mafuta ukaruka nje kama kiumbe kinachokimbia, taa nyekundu ya betri ikawaka, na yeye akajiandaa, akakaza mabega na kushika usukani kwa mikono miwili kwa sababu alijua bila mkanda usukani unakuwa mzito kama jiwe, lakini usukani haukuwa mzito, ulikuwa mwepesi, mwepesi kuliko siku gari lilipotoka kiwandani, ukazunguka wenyewe ndani ya viganja vyake kuelekea kushoto, taratibu, bila haraka, mpaka mwisho, na harufu ya tope ikawajaa mdomoni, na Oma akawa anasema jina lake, Verlin, Verlin, Verlin, bila kupiga kelele, na yeye akakanyaga breki ya kuegeshea kwa mguu wake wote, gari likajigeuza ubavu na kusimama, gurudumu moja la mbele likiwa hewani juu ya maji.

Alizima. Akatoka. Akafungua boneti.

Injini imezimwa, mkanda hakuna, na gurudumu la kikaza lilikuwa linazunguka.

Akatia spana. Mara hii boliti ilifunguka kwa vidole viwili, kama ilivyofunguka kwa Wilda, na hapo ndipo angejiuliza kwa nini. Hakujiuliza. Alikishika kile chuma, baridi yake ikamuunguza, na kutoka ndani ya springi ikatoka sauti ya Oma.

“Mume wangu, usinitupe. Nina baridi. Verlin, utanitupaje mimi?”

Alichungulia pembeni ya boneti, kupitia kioo. Oma alikuwa kwenye kiti chake, mdomo umefungwa, anamwangalia. Verlin akakitupa chuma mtoni kwa nguvu zake zote. Akasubiri mlio wa maji. Haukuja.

Aliporudi ndani, Oma alikuwa ametulia, mikono mapajani. Viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji.

“Umeshuka?”

“Hapana,” alisema.

Pikapu ya mafundi wa umeme iliwaokota, na saa moja baadaye walikuwa kliniki. Nesi Tamra, binti mchangamfu sana, alimpandisha Oma kwenye mizani kama kawaida. Hapo mgonjwa hupimwa kwanza, maana tangu figo zife maji hayatoki, yanabaki mwilini, na mashine lazima iambiwe itoe kiasi gani. Jumamosi Oma aliondoka na kilo hamsini na nane. Jumanne huja na sitini na moja.

Mizani ilisema mia na kumi na tisa.

“Eh, Bi Oma, umemeza nani?” Nesi alicheka. Akaipiga mizani kofi. Akapanda yeye, ikasema kweli. Akapanda Verlin, ikasema kweli. Akarudi Oma, mwembamba vilevile, shingo ya kuku vilevile. Mia na ishirini na moja. Nesi akaacha kucheka.

“Sawa,” alisema polepole. “Sijui ni nini, ila tutatoa kilichozidi.”

Mkono wa Oma ukamshika Verlin juu ya kiwiko. Ulikuwa umelowa. Akainama sikioni kwake, na sauti iliyotoka ni ileile ya ndani ya springi.

“Mwambie asinitoe.”

Verlin Stamper, ambaye hakuthubutu kumnyamazisha mchungaji, alimtazama yule binti machoni. “Toa, mwanangu,” alisema. “Toa chote.”

“Siwezi, mzee. Kilo tatu kwa siku, zaidi ya hapo moyo wake unasimama.”

Wakamchoma sindano. Kwa saa nne yule aliyekaa kwenye kiti cha Oma alimwangalia Verlin bila kupepesa. Alipopimwa, zilikuwa zimepungua kilo tatu. Na hapo akapepesa macho, akatazama huku na huku, akasema, “Mzee, mbona una uso kama wa mtu aliyefiwa? Umekula?”

Alikuwa Oma.

Vani lina kikaza kipya sasa, cha dukani, kimefungwa na fundi, na halilii hata baridi iwe vipi. Tukiwapita pale mbele ya kliniki tunawaona wamekaa ndani, injini imezimwa. Oma anauliza habari za kuku. Anamgombeza kwa shati chafu. Anamshika vile vidole vilivyopinda, anavinyoosha kimoja kimoja. Ni muda wa saa moja hivi tu anapokuwa Oma, kila akitoka kwenye mashine, mara tatu kwa wiki, na Verlin hajawahi kumsikiliza mwanamke yule kwa makini kiasi hicho katika maisha yake yote.

Halafu Oma ananyamaza katikati ya neno, anageuza uso kuelekea mtoni, na kusema kwamba ana kiu.